Ukoo uliotoka Ujerumani kwenda Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa yeyote anayefuatilia ukoo wenye asili ya Ujerumani uliohamia Marekani, awe ni wa damu, wa ndoa, au ana watoto waliozaliwa huko ambao upande mmoja wa familia unaitwa Schroeder au Vogel. Maswali ya mwanzo yanahusu kazi ya upande wa Marekani, yanayofuata ni ya Ujerumani. Ukiruka ya kwanza, ya pili hayatakusaidia.

Nianze kutafuta Marekani au Ujerumani?

Anza Marekani, wala usivuke bahari mpaka uwe na jina la kijiji. Ujerumani haijawahi kuwa na daftari moja la nchi nzima la waliozaliwa. Kwa karne nyingi ubatizo, ndoa na mazishi viliandikwa na mchungaji au padri wa mahali, na kitabu kikabaki usharikani au parokiani hadi kilipochukuliwa na hifadhi ya nyaraka ya kanisa. Ukiiandikia ofisi yoyote kwamba unamtafuta Heinrich Weber aliyezaliwa karibu 1840, utajibiwa kwa adabu kwamba wanataka kujua ni wa wapi.

Vinahitajika vitu vinne: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, na dhehebu. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, nalo ndilo linaloamua ni kitabu kipi kifunguliwe. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na Walutheri na Wakatoliki ambao vitabu vyao vinatunzwa katika miji miwili tofauti.

Kwa hiyo rudi nyuma hatua kwa hatua kutoka kwa mtu unayemfahamu: cheti cha kifo, sensa, vitabu vya kanisa, hati za uraia, halafu ndipo meli. Wengi hurukia meli kwanza kwa sababu inasisimua. Wakishafika huko wanakuta "Johann Schmidt, miaka 24, mkulima, Ujerumani" mara thelathini, wanachagua mmoja kwa kubahatisha, na kuanzia hapo wanajenga ukoo wa watu wengine.

Sensa za Marekani zinanipa nini hasa?

Sensa hufanyika kila miaka 10 tangu 1790, na majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Hadi 1840 imeandikwa jina la mkuu wa kaya tu, wengine ni idadi. Kuanzia 1850 kila mtu huru ana jina lake. Ya 1880 inaongeza mahali walikozaliwa baba na mama.

Kwa ukoo wa wahamiaji, ya 1900 ndiyo tamu kuliko zote. Mstari mmoja unakupa mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, watoto ambao mama amezaa na walio hai, mwaka wa kuingia Marekani, na herufi mbili zinazoonyesha hali ya uraia: "Al" ni mgeni, "Pa" ameshawasilisha hati ya kwanza, "Na" ameshakuwa raia. Ukiona "Na", ujue kuna faili mahakamani mahali fulani. Ya 1920 inataja na mwaka wa kupata uraia, na makarani wake waliagizwa kuandika jimbo alikozaliwa mtu wa kutoka Ujerumani, kwa kuwa mipaka ilikuwa imebadilika baada ya vita.

Usishangae ukikosa ya 1890. Sehemu kubwa iliharibika katika moto wa Washington Januari 1921.

Mwaka wa kuingia ni wa kumbukumbu ya kichwani, na mara nyingine aliyemjibu karani alikuwa jirani. Linganisha sensa tatu: zikisema 1881, 1883 na 1882, tafuta meli za 1880 hadi 1884.

Sensa inasema "Bavaria". Basi walitoka upande wa Munich?

Si lazima. Kabla ya 1871 hakukuwa na dola moja ya Ujerumani. Kulikuwa na falme, utawala wa makabaila na miji huru, na mipaka yake haikufuata ramani unayoijua leo. Ufalme wa Bavaria ulimiliki Pfalz, ng'ambo ya mto Rhine, mamia ya kilomita kutoka Munich. Kijiji cha Kallstadt kiko huko. Friedrich Trump, babu wa Rais Donald Trump, alitoka Kallstadt, na baba yake Henry John Heinz wa kiwanda cha tomato sosi pia. Mtu wa kijiji hicho angeandikwa "Bavaria" bila kosa lolote, ilhali leo kijiji kiko jimbo la Rheinland-Pfalz.

"Prussia" ndiyo inayosumbua zaidi, kwa kuwa ilianzia mpaka wa Uholanzi hadi Urusi. Na "Hesse-Darmstadt" kwa kawaida ni utawala mzima, si mji wa Darmstadt. Watu wengi wametumia muda wao kupekua vitabu vya mji huo wakati babu alikuwa wa kijiji cha milima ya Vogelsberg.

Jina la kijiji litapatikana wapi?

Mahali pa kwanza ni kanisa lao la Marekani. Wachungaji wa Kijerumani wa Ohio, Missouri, Wisconsin au Pennsylvania waliandika vitabu vyao kwa Kijerumani na kwa mtindo wa kwao, na kwenye mazishi waliandika mahali marehemu alipozaliwa, mara nyingi kijiji na wilaya. Cheti cha serikali cha kifo hicho hicho kitasema "Germany" basi. Tafuta kitabu cha mazishi kabla ya kile cha ndoa, na tafuta cha ndugu zake wote. Dada aliyefariki 1911 huko Cincinnati anaweza kuwa na kijiji kilichoandikwa vizuri, wakati babu yako hana chochote.

Pili ni magazeti ya Kijerumani yaliyochapishwa Marekani. Karibu kila mji wenye Wajerumani wengi ulikuwa nalo, na tangazo la kifo la Kijerumani lina maelezo ambayo gazeti la Kiingereza liliyaacha. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mengi mtandaoni bila malipo katika mkusanyiko wa Chronicling America. Herufi zake ni za Fraktur, chapa ya zamani ya Kijerumani, na kompyuta huzisoma vibaya, hasa "s" ndefu inayogeuzwa "f". Ukikosa jina, litafute kwa makosa hayo.

Kuna pia mawe ya makaburi, ambapo maneno "geb. in" hutangulia mahali pa kuzaliwa. Kadi za usajili wa jeshi za Juni 1917, kwa wanaume wa miaka 21 hadi 30, ziliuliza mji wa kuzaliwa. Za Aprili 1942 ziliuliza pia, na zilihusu wanaume wa miaka 45 hadi 64, yaani wahamiaji waliokuwa wamezeeka. Kadi za Septemba 1918 hazikuuliza. Fomu ya kuomba namba ya hifadhi ya jamii, SS-5, iliyoanza 1936, ina majina ya wazazi wote wawili pamoja na ukoo wa mama kabla ya ndoa. Omba nakala ya fomu yenyewe, usitosheke na dondoo la kompyuta. Mafaili ya pensheni ya askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe mara nyingine yana cheti cha ubatizo kilichotumwa kutoka Ujerumani ili mjane athibitishe ndoa yake.

Yote yakishindikana, waangalie majirani. Wajerumani hawakuhama mmoja mmoja: alitangulia mmoja, akaandika barua, wakafuata shemeji na watoto wa jirani. Wasimamizi wa ubatizo wa mtoto wa kwanza, mashahidi wa ndoa, aliyewauzia shamba, hao wote huenda ni wa kijiji kimoja. Ukipata kijiji cha mmoja wao, pekua kitabu cha hapo.

Hati za uraia zinafaa kiasi gani?

Inategemea ni kabla au baada ya tarehe 27 Septemba 1906. Kabla yake, mahakama yoyote yenye karani na kumbukumbu iliweza kutoa uraia, kila moja kwa fomu yake. Utakuta mstari mmoja tu: mtu fulani anamkana mfalme wa Prussia au mtawala wa Baden. Usiudharau, jina la mtawala limekupunguzia nusu ya ramani.

Baada ya tarehe hiyo fomu zikawa za aina moja nchi nzima, na nakala ikapelekwa Washington. Hapo unapata tarehe na mji wa kuzaliwa, meli, bandari, siku ya kufika, mke na watoto. Kuanzia Julai 1929 kuna na picha.

Uraia ulikuwa na hatua mbili, na watu huishia kwenye moja. Kwanza mtu alitangaza nia, kisha baada ya kutimiza miaka mitano ya makazi aliwasilisha ombi. Hatua hizo zingeweza kufanyika katika mahakama mbili za majimbo mawili. Tafuta zote mbili, kwa sababu tangazo la nia mara nyingi lina maelezo mengi kuliko ombi.

Usipoteze muda kumtafutia bibi faili lake la kabla ya 22 Septemba 1922 kama alikuwa ameolewa: mke alipata uraia kupitia mume, na watoto wadogo kupitia baba. Kwa waliochukua shamba chini ya sheria ya 1862 ya ardhi ya serikali, kulikuwa na sharti la kuwa raia au kutangaza nia, kwa hiyo faili la ardhi lililoko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka hubeba nakala ya hati ya uraia. Wengi hawalijui hilo faili.

Orodha za abiria: Hamburg, Bremen, Ellis Island. Ni ipi ya kutafuta?

Kuna orodha ya kuondoka na ya kufika, na ni kumbukumbu mbili tofauti.

Za kuondoka Hamburg zipo, 1850 hadi 1934, isipokuwa miaka ya vita 1915 hadi 1919. Ubora wake ni kwamba zinataja mahali mtu alipokuwa akiishi. Angalia neno hilo: alipoishi mwisho, si lazima alipozaliwa. Ziko za safari za moja kwa moja na za waliopitia bandari nyingine kama Hull na Liverpool. Ukikosa katika fungu moja nenda lingine.

Za Bremen ni msiba. Tangu 1875 zilizozidi miaka mitatu ziliharibiwa kwa kukosa nafasi, na zilizobaki nyingi zikapotea katika vita vya pili. Zilizookoka ni za 1920 hadi 1939. Anayekuuzia orodha ya kuondoka Bremen ya 1854 anakuuzia kitu kisichokuwepo. Na wengi walipitia Bremen. Wa Baden, Pfalz na Alsace kwa upande wao walipenda Le Havre, wengine Antwerp na Rotterdam.

Za kufika Marekani zinaanza 1820, kutokana na sheria ya mwaka uliotangulia. Katika miaka ya mwanzo hazina zaidi ya jina, umri, kazi na nchi. Kuanzia 1893 maswali yaliongezwa, ikiwemo makazi ya mwisho na ndugu anayefuatwa. 1906 likaja swali la mahali pa kuzaliwa, na 1907 jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Anwani hiyo ya 1907 na kuendelea ni dhahabu. Mahali pa kuzaliwa pako ukurasa wa pili, ambao watu husahau kuufungua.

Ellis Island ilifunguliwa 1 Januari 1892. Wimbi kubwa la Wajerumani lilikuwa limeshapita. Kilele kilikuwa 1882, walipoingia takriban 250,000 kwa mwaka mmoja. Kati ya 1855 na 1890 New York ilipokelea wahamiaji Castle Garden. Kabla ya hapo ilikuwa gatini tu. Tena New York si bandari pekee: Baltimore ilikuwa na meli za moja kwa moja kutoka Bremen, na New Orleans ilikuwa njia ya kupanda mto Mississippi hadi St. Louis.

Kwa waliofika karne ya 18, tafuta Philadelphia. Kuanzia 1727 hadi 1775 wanaume wageni walikula kiapo cha utii, na orodha hizo zimechapishwa. Wanawake na watoto hawamo.

Ni kweli jina letu lilibadilishwa na maofisa wa Ellis Island?

Hapana. Maofisa walikagua majina kwenye orodha iliyokuwa imeshaandikwa na kampuni ya meli kule bandari ya kuondokea. Majina yalibadilika baadaye, shuleni, kazini, benki, na hasa wakati wa vita vya 1917, jina la Kijerumani lilipokuwa mzigo.

Basi jina la awali nitalijuaje?

Soma kwa sikio la karani wa Kiingereza. Müller ikawa Miller, Huber ikawa Hoover, Eisenhauer ikawa Eisenhower, Pförsching ikawa Pershing. Wengine walitafsiri: Zimmermann akawa Carpenter, Schwarz akawa Black, Koch akawa Cook. Katika lahaja za kusini B na P, D na T, G na K hukaribiana sana, kwa hiyo jaribu herufi zote mbili. Nukta mbili juu ya ü zikiondolewa, neno linaweza kuwa "ue" au "u" tupu.

Jina la kwanza nalo lina mtego. Ndugu watatu wanaweza wote kubatizwa Johann: Johann Georg, Johann Peter, Johann Adam. Nyumbani waliitwa Georg, Peter na Adam. Ukimkuta "George" Marekani na "Johann Georg" Ujerumani, huenda ni yule yule. Katika vitabu vya zamani mwanamke aliongezewa "-in": Müllerin ni binti au mke wa Müller. Westphalia mwanamume aliyehamia shamba la mkewe aliweza kuchukua jina la shamba, likaandikwa baada ya neno "genannt". Ostfriesland hadi mwanzoni mwa karne ya 19 mtoto alibeba jina la baba kama ukoo, kwa hiyo kila kizazi kina "ukoo" mpya, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili haliwezi kumpa taabu.

Nimepata jina la kijiji lakini ramani haikijui.

Tumia kamusi ya mahali ya Meyers, toleo la 1912, iliyoko mtandaoni bila malipo. Inataja zaidi ya mahali 200,000 pa dola ya Kijerumani kabla ya vita, na kwa kila kijiji inaonyesha wilaya, ofisi ya usajili, na kama kina kanisa au kinategemea la jirani. Kama kuna vijiji kumi vya jina moja, rudi kwenye sensa: "Baden" au "Hannover" vitakubakishia viwili au vitatu, halafu dhehebu litachuja zaidi. Kuwa makini na vijiji vilivyounganishwa na miji katika miaka ya 1970. Jina limebaki kama mtaa tu.

Vitabu vya kanisa viko wapi?

Vya Kiprotestanti vingi viko kwenye tovuti ya Archion, kwa malipo ya muda unaoutaka. Lipia mwezi ukiwa umeshajua parokia na miaka, si kabla. Vya Kikatoliki vya dayosisi kadhaa, kama Passau, Münster na Paderborn, viko kwenye tovuti ya Matricula bure. Tovuti ya FamilySearch ina picha nyingi bila malipo, ingawa nyingine hufunguka ukiwa katika kituo chao tu. Nakala za vitabu vya Baden vya 1810 hadi 1870 zimewekwa bure na hifadhi ya nyaraka ya Baden-Württemberg.

Kabla ya kupekua picha, angalia kama kijiji kina Ortsfamilienbuch, kitabu ambamo mtu ameshapanga familia zote za kijiji kutoka vitabu vya kanisa. Mamia viko mtandaoni bure katika tovuti ya chama cha CompGen. Kitumie kama kielekezi, kisha thibitisha kwa picha ya kitabu chenyewe.

Württemberg ina zawadi ya pekee: kuanzia 1808 sharika ziliandika kila familia ukurasa wake, wazazi juu, watoto chini, na kando utaona "nach Amerika" pamoja na mwaka.

Nimefungua kitabu, sisomi hata neno.

Hayo ni maandishi ya Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani. Wiki mbili za mazoezi ya nusu saa zinatosha kwa vitabu vya ubatizo, kwa sababu maneno ni yale yale. Anza na majina unayoyajua. "e" inafanana na "n". "u" inabeba kikombe kidogo juu ili isichanganywe na "n". "h" ina kitanzi juu na kingine chini. Tengeneza jedwali la herufi za mwandishi huyo huyo, na anza upya akibadilika mchungaji.

Tarehe ndizo huleta hasara kubwa. "7ber" ni Septemba, "8ber" Oktoba, "9ber" Novemba, "Xber" Desemba. Anayeona 8 akaandika Agosti amekosea miezi miwili. Siku hutangulia mwezi. Angalia kama ni siku ya kuzaliwa au ya ubatizo. Ukingo wa kushoto wa Rhine ulitumia kalenda ya mapinduzi ya Ufaransa hadi mwisho wa 1805, na zipo programu za kuigeuza.

Msalaba mdogo kando ya jina unamaanisha mtoto alifariki. Usiupite. Wazazi walimpa mtoto aliyefuata jina lile lile, na kosa la kumchukua aliyekufa kuwa babu ni la kawaida mno katika miti ya ukoo iliyoko mtandaoni.

Na vyeti vya serikali?

Ofisi ya msajili, Standesamt, ilianza Prussia 1 Oktoba 1874 na Ujerumani nzima 1 Januari 1876. Vizazi hufunguliwa baada ya miaka 110, ndoa 80, vifo 30. Kabla ya hapo lazima uthibitishe undugu. Baada ya hapo rejista huhamia hifadhi ya nyaraka ya mji.

Je, kuna hati za ruhusa ya kuondoka?

Zipo, kwa waliofuata sheria. Württemberg, Baden na Hesse zina mafaili ya kuhama, kwa kuwa mtu alitakiwa kulipa madeni na kukana uraia wa kwao. Hifadhi ya nyaraka ya Baden-Württemberg ina hazinadata ya kutafuta kwa jina. Vijana wengi waliondoka kimya kukwepa jeshi, hao utawakuta kwenye matangazo ya wanaotafutwa. Friedrich Trump aliondoka 1885 akiwa na miaka 16. Alipotaka kurudi kuishi kwao, serikali ya Bavaria ilimkatalia mwaka 1905 kwa sababu hiyo.

Kijiji chetu sasa kiko Poland.

Kazi inawezekana. Tafuta jina la Kipolandi kwanza: Breslau ni Wrocław, Stettin ni Szczecin, Posen ni Poznań. Kisha pekua Szukaj w Archiwach, tovuti ya hifadhi za nyaraka za Poland, ambayo ni bure. Kwa ndoa za Posen za karne ya 19 kuna Poznan Project. Baadhi ya rejista za mashariki ziko Landesarchiv Berlin. Vitabu vingine viliteketea vitani, na hapo hakuna ujanja.

Sensa inasema "Russia" lakini walizungumza Kijerumani.

Huenda ni Wajerumani wa Volga au wa Bahari Nyeusi. Wa Volga walikaribishwa Urusi na malkia Katarina wa Pili kwa tangazo la 1763. Wote walipoondolewa msamaha wa utumishi wa jeshi katika miaka ya 1870, wengi walihamia Kansas, Nebraska, Colorado na Dakota. Wana vyama vyao vya ukoo, kimoja Lincoln, Nebraska, kingine Bismarck, North Dakota. Lenga kijiji cha Urusi kwanza, kile cha Ujerumani baadaye.

Familia ilikuwa ya Kiyahudi. Kuna tofauti?

Ipo kubwa. Wayahudi wengi hawakuwa na jina la ukoo lisilobadilika mpaka sheria za 1808 hadi 1813: Prussia 1812, Bavaria 1813. Sheria hiyo ya Bavaria iliweka pia kikomo cha familia za Kiyahudi katika kila mahali, ndiyo maana vijana wengi wa vijiji vya Franconia waliondoka kwenda Marekani kabla ya kuoa. Kwa hati za 1939 na kuendelea, "Israel" na "Sara" si majina ya familia; serikali ya Kinazi iliwalazimisha kuyaongeza. Pitia Leo Baeck Institute ya New York, na Arolsen Archives kwa walioteswa na waliotawanywa na vita.

Tulisikia babu alikuwa Moravian.

Basi una bahati. Ni kanisa lile lile wanalolifahamu watu wa Rungwe na Tabora: wamisionari wake kutoka Herrnhut walifika Rungwe 1891, na miaka 150 kabla, mwaka 1741, wenzao walianzisha mji wa Bethlehem, Pennsylvania. Desturi yao ilikuwa kila muumini kuacha wasifu wa maisha yake, usomwe mazishini. Wasifu huo hutaja kijiji, wazazi na safari. Maelfu yanatunzwa Herrnhut na Bethlehem.

Kipimo cha DNA kitanipa kijiji?

Hakitakupa. Kitakupa binamu, na wengi wao watakuwa Wamarekani waliokwama pale pale ulipokwama wewe. Kinafaa kuthibitisha kwamba tawi la Ohio na la Iowa ni moja, kisha ukatafute kijiji katika karatasi za tawi jingine.

Naweza kupata uraia wa Ujerumani kupitia babu?

Aliyeondoka kabla ya 1904 kwa kawaida aliupoteza mwenyewe: sheria ya 1870 iliuondoa baada ya miaka 10 nje ya nchi asipojiandikisha ubalozini. Kwa aliyeondoka baadaye, swali ni moja: alichukua uraia wa Marekani kabla au baada ya kuzaliwa mtoto wake ambaye wewe umetokana naye? Kabla, mnyororo umekatika. Baada, leta hati zote, pamoja na barua ya idara ya uhamiaji ya Marekani kwamba hakuna kumbukumbu ya uraia, kama hakuuchukua kabisa. Waliokoseshwa kwa sababu mama ndiye aliyekuwa Mjerumani, na wamezaliwa baada ya 23 Mei 1949, wanaweza kutoa tamko hadi 19 Agosti 2031, wao na vizazi vyao. Waliovuliwa uraia na Wanazi na wazao wao wana njia yao chini ya ibara ya 116 ya katiba. Maombi ya walio nje ya Ujerumani huamuliwa na Bundesverwaltungsamt, ofisi ya utawala ya serikali kuu, Köln.

Nikiiandikia hifadhi ya Ujerumani, niandike nini?

Kwa Kijerumani, ukurasa mmoja, mtu mmoja. Taja jina, tarehe, dhehebu na kijiji, na sema wazi unataka nini: ubatizo wa fulani, kati ya mwaka huu na huu. Usiambatishe mti wa ukoo wa kurasa kumi, utawekwa kando. Sema kwamba uko tayari kulipa ada na uulize kiasi kabla kazi haijaanza, maana hutoza kwa muda wa kutafuta hata wasipopata kitu. Omba picha ya ukurasa mzima wa kitabu, siyo nakala iliyochapwa upya, kwa kuwa maandishi ya pembeni na wasimamizi wa ubatizo ndiyo watakaokupeleka kizazi cha nyuma. Jibu huchukua wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Ukiandika mara ya pili, taja namba ya faili iliyo juu ya barua yao ya kwanza.